Vijana hawakuichoka pikipiki, iliwashinda bei

Ripoti ya hali ya uchumi ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) hutoa kila mwaka ni kitabu kinene ambacho aghalabu husomwa kurasa zake za mwanzo tu. Wanasiasa hutafuta kiwango cha ukuaji wa uchumi, magazeti hutafuta idadi ya nafasi za kazi, kisha kitabu hutiwa kabatini. Lakini ndani yake mna jedwali la magari mapya yaliyosajiliwa, na katika jedwali hilo mna safu ya pikipiki ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza hali ya kijana wa Kenya kuliko hotuba nyingi tulizozisikia tangu uchaguzi wa 2022. Mwaka 2021 zilisajiliwa pikipiki zaidi ya 280,000. Mwaka 2023 idadi hiyo haikufika hata thuluthi yake.

Anguko la namna hiyo ndani ya miaka miwili si jambo dogo. Lau lingetokea katika kahawa au majani chai, Bunge lingeitisha kikao. Kwa kuwa ni pikipiki, tuliridhika na maelezo ya barazani. Nimeyasikia mawili. La kwanza hutolewa kwa furaha: kwamba vijana wameanza kupata akili, wamewaona wenzao wakilazwa hospitalini wakiwa na miguu iliyovunjika, wakaamua kutafuta riziki kwingine. La pili hutolewa kwa masikitiko: kwamba kijana wa siku hizi hataki kazi ya jua na vumbi, anataka pesa za kubonyeza simu. Maelezo haya mawili yanapingana, lakini msomaji akiyachunguza ataona yamezaliwa na mama mmoja. Yote yanadai kwamba kilichobadilika ni moyo wa kijana. Mimi nadai kwamba kilichobadilika ni bei.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, nitaomba radhi na kutangulia na maneno, kwani maneno yenyewe ni ushahidi. Jina «pikipiki» ni tanakali iliyogeuka nomino. Ni mlio wa injini ulioradidiwa ukawa jina la chombo. Neno «bodaboda» lina historia nyingine. Mnamo miaka ya 1960 pale Busia, mpakani pa Kenya na Uganda, vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na safari hizo wakazinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka, nalo wakaliradidi kwa kanuni za Kiswahili. Baiskeli ilipoondoka na pikipiki ikaingia, jina halikubadilika. Siku hizi neno hilo limepanuka zaidi. Mtu husema amekuja na boda, boda amemdai mia moja, na mwanawe anafanya boda. Chombo, mtu na kazi vimekuwa kitu kimoja.

Sasa na tutafute katika Kiswahili jina la mtu anayeendesha pikipiki kwa raha yake, Jumapili asubuhi, bila abiria wala gunia la viazi. Hatulipati. Wako Wakenya wachache wafanyao hivyo, nao huonekana wakienda Naivasha au Namanga kwa makundi, wamevaa ngozi, lakini lugha haijaona haja ya kuwapa jina. Kiingereza kina jina lao, na jina hilo limebeba nyimbo, filamu na falsafa nzima ya uhuru wa barabarani. Tofauti hii ya msamiati ni tofauti ya uchumi. Kwa hivyo, maelezo yanayotoka nchi ambako pikipiki ni starehe hayawezi kuletwa hapa jinsi yalivyo na kuvishwa kijana wa Kakamega.

Nasema hivi kwa sababu huko ng'ambo swali hili limeulizwa kwa miaka mingi. Nchini Marekani, kwa hesabu za chama cha viwanda vya pikipiki, umri wa kati wa mwenye pikipiki ulikuwa miaka 32 mnamo 1990. Mwaka 2014 ulikuwa 47, na kufikia 2018 ulikuwa umefika 50. Maana yake ni kwamba waliozinunua wakiwa vijana walizeeka nazo, na nyuma yao hawakuja wengine wa kutosha. Nchini Japani, nchi ya Honda na Yamaha, soko la ndani lilifika kilele mnamo 1982 kwa pikipiki zaidi ya milioni tatu. Siku hizi haliuzi hata milioni moja kwa mwaka. Wachambuzi wa huko wakaandika kwamba vijana wamekuwa waoga, wamefungwa na simu, hawana hamu ya barabara.

Hata huko, lakini, ukichimba chini ya maelezo ya hamu utakuta fedha na sheria. Japani, katika mwaka huohuo wa 1982, vyama vya wazazi na walimu wa shule za upili vilieneza kampeni ya makatazo matatu: mwanafunzi asichukue leseni ya pikipiki, asiiendeshe, asiinunue. Kizazi kizima kikafungiwa mlango kikiwa na miaka kumi na sita, umri ambao mtu hupenda anachopenda maisha yake yote. Uingereza nayo, kuanzia Januari 2013, ilimtaka kijana apande ngazi ya mitihani na ukubwa wa injini, na anayetaka kufanya mtihani wa pikipiki kubwa moja kwa moja sharti awe na miaka 24. Kijana wa Marekani anamaliza chuo akiwa na deni la karo, na deni la wanafunzi wa nchi hiyo limepita dola trilioni 1.6. Mtu wa aina hiyo akikosa kununua pikipiki ya maelfu ya dola kwa ajili ya matembezi, sioni ni kwa nini tuseme ana kasoro ya moyo.

Turudi kwetu, ambako mambo ni mazito zaidi.

Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zisizozidi 250cc. Nadhani hakuna uamuzi wa kodi uliobadilisha sura ya nchi hii kwa haraka kama huo. Barabara za mashambani ambazo matatu hazikuthubutu kuziingia zikapata usafiri. Mama mjamzito akapelekwa zahanati usiku, maziwa yakafika kiwandani kabla ya kuganda, na kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kujua aende wapi akapata mahali pa kusimama asubuhi. Hakuna aliyemwajiri, wala hakuna wizara iliyompangia. Hicho ndicho kiini cha jambo hili: nchi ambayo nafasi nane kati ya kumi za kazi zimo katika sekta isiyo rasmi ilipata, karibu kwa bahati, chombo ambacho bei yake ilikaribiana na uwezo wa kijana maskini, ama tuseme uwezo wa mjomba wake.

Ni haki niongeze kwamba kilele cha 2021 kilikuwa na msukumo usio wa kawaida. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Hoteli zilifunga, watu wakaachishwa kazi, na wengi wakakimbilia chombo hiki kwa kuwa hakikuhitaji barua ya maombi. Idadi hiyo ilikuwa lazima ipungue kidogo. Lakini kupungua kidogo ni jambo moja, na kuporomoka zaidi ya thuluthi mbili ni jambo jingine.

Kilichotokea baina ya 2021 na 2023 kinajulikana, ila hatujakipanga mahali pamoja. Pikipiki nyingi zinazouzwa hapa huletwa kwa vipande kutoka India na China, zikaunganishwa nchini; vipande hivyo hulipiwa kwa dola. Mwishoni mwa 2021 dola moja ilinunuliwa kwa karibu Sh113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita Sh160. Kwa hivyo, hata kama mtengenezaji wa India hakuongeza senti, bei ya dukani Eldoret ilikuwa lazima ipande. Benki Kuu nayo, katika kupigana na mfumko wa bei, iliinua kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024. Petroli jijini Nairobi, iliyokuwa Sh129.72 kwa lita mwishoni mwa 2021, ilifika Sh217.36 mnamo Oktoba 2023, na katikati ya safari hiyo Sheria ya Fedha ya 2023 ikazidisha VAT ya mafuta maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16. Nauli haikuweza kupanda kwa mwendo huo, kwa sababu abiria wa bodaboda ni maskini kama mwenye bodaboda. Ukimwongezea hamsini, atatembea.

Hayo ni mambo ya nchi nzima. Jinsi yanavyomfikia mtu mmoja nilielezwa na mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye shahada ya ualimu, ambaye amekuwa akingoja kuajiriwa tangu 2019. Mwaka 2023 alikwenda kuulizia pikipiki. Bei taslimu aliyotajiwa ilikuwa Sh170,000, fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa pamoja. Akaelekezwa kwa kampuni ya mikopo iliyokuwa na meza palepale dukani. Alitakiwa kutoa Sh20,000 kwanza, kisha Sh500 kila siku kwa miezi kumi na minane. Alitoa simu akapiga hesabu mbele ya mwuzaji: siku 540 ni Sh270,000, ukijumlisha na malipo ya kwanza ni Sh290,000. Aliuliza kama amekosea. Akaambiwa hakukosea.

Kisha akapiga hesabu ya pili, ambayo ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Katika steji yao, siku ya kawaida huleta kama Sh1,200. Petroli hula Sh400. Kampuni ingechukua Sh500 kwa simu kabla ya saa sita ya usiku, mvua inyeshe isinyeshe, na ikikosa malipo kwa siku chache, kifaa cha kufuatilia kilichofungwa ndani ya pikipiki kingewaongoza hadi mlangoni pake. Zingebaki Sh300 za chakula, oili, matairi, bima, leseni na ile gharama nyingine ya barabarani isiyokuwa na risiti. Hakununua. Nilipomwuliza kama ina maana ameiacha kazi hiyo, alicheka. Anaendesha pikipiki ya mtu mwingine kuanzia saa mbili usiku, mwenzake anapomaliza zamu ya mchana, naye humlipa mwenye chombo Sh300 kila kunapopambazuka.

Msomaji atambue kwamba kijana huyo hayumo katika jedwali la KNBS. Jedwali linahesabu vyombo vipya, halihesabu watu. Wanaosoma kupungua kwa usajili kama kupungua kwa hamu wanadhani kila pikipiki isiyonunuliwa ni kijana aliyekwenda mahali pazuri zaidi. Katika steji ninazozifahamu mimi, kilichoonekana ni vijana wawili juu ya pikipiki moja iliyochakaa, breki zimekwisha, kila mmoja akijitahidi kukusanya katika saa kumi na mbili kile ambacho zamani mwenye chombo alikikusanya kwa siku nzima. Usishangae basi ukiona wanakimbia.

Jambo hili la kumiliki lina uzito kuliko tunavyolipa. Kijana aliyenunua pikipiki mwaka 2012 au 2015 na kuimaliza deni alikuwa na mali. Aliweza kuiuza akafungua duka, au akaiweka rehani akalipa karo ya dadake. Wengi walifanya hivyo, na baadhi ya nyumba za mawe zinazoonekana pembezoni mwa miji yetu midogo zilianzia kwenye tandiko la bodaboda. Anayeendesha cha mwenzake kwa Sh300 hana mahali pa kuanzia. Anafanya kazi ileile, kwenye vumbi lilelile, akikabili lori lilelile, lakini ngazi imekatwa vipandio.

Serikali haikunyamaza kabisa. Novemba 30, 2022 ilizindua Hazina ya Hustler, na kiwango cha juu cha mkopo wa mtu binafsi kikatangazwa kuwa Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni ya kusifiwa. Ila wengi walianzia Sh500 au Sh1,000, na hata aliyefika kileleni hawezi kununulia Sh50,000 zaidi ya sehemu ya pikipiki. Fedha za riba nafuu zilikuwa ndogo mno, na fedha za kutosha zilikuwa za riba kali. Kati ya mikopo hiyo miwili ndipo kijana aliposimama akashindwa kuvuka.

Sikatai kwamba wako walioacha kwa hofu au kwa aibu. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya, na waendeshaji wa pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya maiti hizo kila mwaka. Mzazi aliyeona jirani akizika mwanawe hawezi kulaumiwa akimkataza wake. Isitoshe, jina la kazi yenyewe limechafuliwa. Machi 2022 kundi la wahudumu lilimshambulia na kumdhalilisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha gari lake jijini Nairobi, kitendo cha kinyama ambacho kila mwenye utu alikilaani. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima, vyombo vingi vikakamatwa, na baada ya siku chache msako ukasitishwa. Waliohusika walistahili jela. Lakini siku zile niliona jinsi tulivyokuwa wepesi kuwahukumu vijana wote kwa neno moja, yaani lile neno linalotaja chombo, mtu na kazi kwa pamoja. Wanasiasa nao huwalaani mwaka huu na kuwajazia mafuta mwaka wa kampeni.

Pamoja na hayo, hofu na aibu zilikuwapo 2015, zikawapo 2018, zikawapo 2021 usajili ulipofika kilele. Sababu iliyokuwapo muda wote haiwezi peke yake kueleza badiliko la ghafla.

Kuanzia katikati ya 2024 shilingi ilitulia karibu na 129 kwa dola, hali iliyoendelea mwaka mzima wa 2025, na tangu Agosti 2024 Benki Kuu imekuwa ikishusha kiwango chake. Idadi za usajili zikipanda kwa sababu hiyo, hoja yangu itakuwa imepata nguvu: moyo wa kijana haupandi na kushuka kwa kufuata soko la fedha za kigeni. Ziko pia pikipiki za umeme, ambazo Rais William Ruto alizizindulia mradi mkubwa Mombasa Septemba 2023. Hizo hazinywi petroli, na hilo ni jema. Walakini, katika mipango mingi ya aina hiyo betri hubaki kuwa mali ya kampuni, naye mwendeshaji huibadilisha kwa malipo katika vituo vyao. Pikipiki isiyo na betri ni chuma. Anayemiliki chuma huku mwingine akimiliki nguvu ya kukisukuma hajatoka mbali sana na yule wa Sh300 za alfajiri, na ningependa wanaosifu teknolojia hiyo waligusie jambo hilo.

Mjadala wa umma, kwa sasa, uko kwingine. Mswada wa Seneta Boni Khalwale wa 2023 kuhusu usafiri wa pikipiki uliamsha mabishano marefu juu ya mafunzo, kofia, jaketi za kung'aa na bodi za kaunti. Mafunzo na kofia ni mambo ya lazima. Lakini katika mabishano yote niliyoyafuatia, sikusikia mtu akiuliza pikipiki inanunuliwaje, na nani, kwa jumla ya shilingi ngapi. Tunataka kumdhibiti mwendeshaji bila kumgusa mkopeshaji wake, ilhali mwendo wa kasi tunaoulalamikia huanzia kwenye lile deni la kila siku.

Nafasi ya kumgusa ipo. Desemba 2024 sheria ilirekebishwa ili kuipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, ambao awali walikuwa nje ya macho yake. Naiomba jambo moja lililo ndani ya taaluma yangu. Mkataba ambao mwanafunzi wangu alipewa asome dukani ulikuwa wa kurasa kadhaa, wote kwa Kiingereza cha mawakili, na kifungu cha kunyang'anywa chombo kilikuwa karibu na mwisho. Yeye ana shahada na alikielewa kwa taabu. Waliokuwa nyuma yake foleni walitia sahihi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri hii kwa Katiba ya 2010. Benki Kuu iagize kwamba ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa aina hiyo uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ukiwa na mistari mitatu: bei taslimu, jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho, na idadi ya siku unazoweza kukosa kabla chombo hakijachukuliwa. Ukurasa huo hautashusha bei ya petroli. Utamwezesha kijana kujua, kalamu ikiwa bado mkononi, kwamba pikipiki ya Sh170,000 anainunua kwa Sh290,000.